Yunis Hataki Picha Ije

Wilson alikuwa ananyoa ndevu simu ilipoita. Alipomaliza kuongea alitoka ndani mbio, sabuni imemjaa nusu ya uso.

"Mama Lusungu!" alimwita mkewe. "Wale watu wa televisheni! Wanakutoa Jumapili, saa kumi jioni, nchi nzima!"

Yunis alikuwa amechutama uani akisugua tumbo la chungu kibichi kwa kokoto. Kokoto likamponyoka, likachora mkwaruzo mrefu kwenye udongo laini. Akainamia mkwaruzo ule. Wilson alidhani furaha imemzidi, akamwacha aimeze taratibu, akaenda kuwaambia majirani. Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, sabuni ikimkaukia shavuni. Jua lilipozama, Ikombe nzima ilikuwa inajua, tangu wanaoanika dagaa ufukweni mpaka wanaoteremka milimani na mihogo kichwani. Watu walikuja kumpongeza Yunis kama mzazi aliyejifungua pacha.

Naye aliitikia, "Ndaga, ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, huku akisugua ule mkwaruzo bila kuinua macho.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi uliopita, siku ya soko la Lyulilo, walikuja waandishi wawili, mmoja na kamera begani, mwingine na kipaza sauti chenye manyoya kama paka. Walizungukazunguka kati ya mitumbwi na mafungu ya samaki mpaka wakafika kwenye vyungu vya Yunis. Yunis ni mtu wa maneno hata akiwa peke yake. Alipoona kamera imemwelekea, ulimi ukapata mbawa. Akaeleza udongo unavyochimbwa, unavyotwangwa, chungu kinavyoinuliwa kwa mikono mitupu, kinavyopakwa wekundu na weupe, kinavyochomwa kwa nyasi na mianzi. Waandishi walitikisa vichwa kwa raha. Kisha yule mwenye kipaza sauti akauliza, "Sasa mama, mbona vyungu vya soko zima naona vinafanana? Mteja atajuaje anunue kwa nani?"

Hapo ndipo alipojikwaa. Asubuhi ile wateja wawili walikuwa wamempita wakaenda kununua kwa Prisca, dada wa Wilson, aliyepanga vyungu vyake mwisho wa soko, na kinyongo kilikuwa bado hakijapoa. Yunis akacheka, akasema, "Vya wifi yangu ni vizuri. Ila ukinunua chungu kwake, nunua na ndoo ya kukingia maji chini."

Waandishi waliangua kicheko, wakashukuru, wakashika njia kufuata ufukwe. Yunis alicheka nao. Kufikia jioni alikuwa ameshasahau, maana neno la sokoni huondoka na upepo wa ziwa. Hakufikiria kwamba lile lilikuwa limeingia kwenye mashine.

Na Prisca hakuwa adui yake, hata kidogo. Yunis alizaliwa Talatala, kwenye mpunga na kakao. Alipoolewa Ikombe, mikono yake ilijua jembe tu. Prisca ndiye aliyemkalisha chini, akamshika vidole kwenye udongo, akamcheka, akamfundisha, akamcheka tena, mpaka chungu chake cha kwanza kikasimama bila kuinamia upande. Mpaka leo walichimba udongo pamoja na kuchoma vyungu kwenye moto mmoja. Sasa Jumapili Prisca atamsikia mwanafunzi wake akiiambia nchi nzima kwamba vyungu vya mwalimu vinavuja.

Tena atamsikia akiwa nyumbani kwake mwenyewe. Maana televisheni ya upande ule wa kijiji ilikuwa moja tu, ya Prisca. Mwanawe Emanueli, anayeshughulika na mizigo ya mpakani Kasumulu, ndiye aliyeileta kwa mtumbwi pamoja na sola, dishi na king'amuzi.

Wilson na Yunis walipokwenda kumpa habari, Prisca alikuwa anachambua dagaa. Mikono yake ilisimama.

"Jumapili hii?" aliuliza.

"Jumapili hii, dada! Tutajaa hapa kwako."

Prisca akainamia ungo. "Mnakuja bure. Dishi langu ni gonjwa. Upepo wa juzi umelipiga, sasa ukiwasha unaona maandishi tu: hakuna mawimbi, hakuna mawimbi."

Yunis alihisi jiwe zima linashuka kutoka kifuani. "Pole sana, wifi," alisema, na kwa kweli hajawahi kumpa mtu pole kwa moyo mkunjufu kiasi kile. "Basi tena. Si lazima tuone. Kipindi si kitatoka tu?"

"Hata mimi nasema hivyo," Prisca alidakia haraka. "Kitatoka tu."

Lakini Wilson hakuwa mtu wa kukubali mke wake aonekane na nchi nzima isipokuwa Ikombe. "Kyela mjini kuna fundi wa madishi," alisema. "Mwanamke mmoja, anaitwa Tulinagwe. Nitampigia sasa hivi."

Wale wanawake wawili wakatazamana, kila mmoja akijaribu kutabasamu.

*

Jumapili ibada ilipokwisha, watu hawakurudi makwao. Walibeba mabenchi ya kanisa mpaka uani kwa Prisca, wakakaa na nguo zao za ibada wakimngoja fundi. Tulinagwe alifika kwa mtumbwi kutoka Matema, mwanamke mpana mwenye ovaroli ya bluu, spana zikilia kwenye begi kama kengele za mbuzi.

"Mugonile!" alisalimu kutoka majini. "Mgonjwa yuko wapi?"

Alionyeshwa dishi lililokuwa juu ya nguzo fupi kando ya nyumba. Akalizunguka, akalishika ukingo, akakunja uso. Mzee Yakobo, mzee wa kanisa, alikuwa amemfuata nyuma. Mzee huyu hajawahi kuona mtu anafanya kazi akaacha kuuliza.

"Mwanangu," alisema, "mimi nataka unieleze kitu kimoja. Hili sinia linapataje watu kutoka Dar es Salaam?"

Tulinagwe alicheka, lakini alijibu kwa heshima, na watu wakasogea kusikiliza. "Babu, huko juu, mbali kuliko ndege yoyote inakopita, kuna chombo kinaitwa setilaiti. Kinazunguka pamoja na dunia, mwendo mmoja, ndiyo maana sisi tukikilenga tunakikuta palepale, mchana na usiku. Studio inarusha picha kwenda kwake kama mawimbi, nacho kinayarudisha chini, yanamwagika nchi nzima. Hata sasa hivi yanakudondokea kichwani."

Mzee Yakobo akapapasa upara wake. Watu wakacheka.

"Ila yakifika huku yamechoka," Tulinagwe aliendelea. "Ni kama mtu anayekunong'oneza kutoka ng'ambo ya ziwa. Sasa wewe ukitaka kumsikia unafanyaje? Unakinga kiganja sikioni. Dishi ni hicho kiganja. Linakusanya mnong'ono wote, linaurudisha kwenye hiki kidude kilichosimama mbele yake. Hapo unatiwa nguvu, unapita kwenye waya mpaka ndani. Lakini bado ni mafumbo, chaneli nyingi zimekunjwa pamoja kama nguo kwenye sanduku. King'amuzi ndicho kinachofungua sanduku, kinang'amua, kinatoa ile moja uliyoomba kwa rimoti."

"Kumbe ndiyo maana ya jina!" alisema Mzee Yakobo, ameridhika kabisa.

"Ndiyo. Na kazi yote iko kwenye kulenga. Ukilisogeza dishi upana wa ukucha hapa Ikombe, kule juu umeshakosea kwa mamia ya kilomita."

Yunis alikuwa amesimama karibu na nguzo. Hakuwa amesikiliza sana habari za sanduku, lakini hili la ukucha lilimwingia barabara.

Tulinagwe alilegeza skrubu, akageuza dishi kuelekea machweo, juu ya ziwa, akapima kwa macho. "Kipimo changu kimekufa betri," alisema. "Kwa hiyo mimi nitaingia ndani kutazama vipimo kwenye kioo, na mtu mmoja abaki hapa alishike dishi, alisogeze polepole nitakavyosema. Nataka mtu mwenye mkono uliotulia."

"Mimi," alisema Yunis, kabla Wilson hajafungua mdomo.

"Mfinyanzi! Ndiye hasa."

Tulinagwe aliingia ndani, Mzee Yakobo akasimama mlangoni kupokezana maneno. Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mmoja wa ubora wake, na fundi alikuwa ameeleza kwamba nguvu bila ubora ni kelele tupu. Picha inataka yote mawili.

"Kulia kidogo!" sauti ya fundi ilitoka ndani.

"Kulia kidogo!" alirudia Mzee Yakobo.

Yunis akasogeza kulia.

"Imekuja! Ubora unapanda! Hapohapo!"

"Hapohapo!" aliimba Mzee Yakobo, na mabenchi yote yakapiga makofi.

Yunis akavuta pumzi. Kisha, akitazama milima kama mtu anayesali, akabonyeza ukingo wa dishi kwa kidole gumba. Upana wa ukucha.

"Imekwenda!"

"Imekwenda!" Uwanja mzima ukaguna.

Mchezo huo ulikwenda kitambo kirefu. Picha ilikuja, ikaenda. Ilikuja tena, watu wakaona uso wa msoma habari umekatikakatika kama mkate uliovunjika, kisha ukapotea. Yunis alikuwa anatokwa jasho. Hakuwa amezoea uovu, na uovu ule ulikuwa unachosha mikono kuliko kutwanga udongo. Jambo moja tu lilimshangaza. Kila picha ilipopotea, kila mtu uani alisikitika, lakini Prisca, aliyekuwa ameegemea fremu ya mlango na kanga begani, alionekana anapumua vizuri.

Mwishowe Tulinagwe alitoka nje. Akamtazama Yunis, akatazama dishi, akatazama mikono ya Yunis.

"Mama, mikono hii ndiyo inayopaka ile mistari myembamba kwenye vyungu?"

"Ndiyo hii."

"Basi dishi limepata homa, si wewe." Akamwondoa kwa upole, akalishika mwenyewe. "Babu, wewe niangalizie mistari, niambie inavyopanda."

Haikuchukua muda. Mzee Yakobo alipiga kelele ya shangwe, Tulinagwe akakaza skrubu moja baada ya nyingine kwa spana mpaka zikalia. Kila skrubu ilipolia, Yunis aliisikia mbavuni.

Tumaini lake la mwisho lilikuwa mbinguni. Wingu jeusi lilikuwa limejijenga juu ya ziwa, zito, limevimba, na kule mbali maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi.

"Fundi," aliuliza kana kwamba ni udadisi tu, "mvua ikinyesha inakuwaje?"

"Mvua kubwa inameza mawimbi. Picha inakatika mpaka ipungue. Kyela kwetu mbona mnajua wenyewe, mvua ikianza hata mahubiri hukatika." Tulinagwe akainua uso. "Lakini hii haiji. Angalia, inaelekea Malawi."

Na kweli. Wingu lile, ambalo siku nyingine yoyote lingewafukuza watu wote kwenye mabenchi, lilipita mbali kwa adabu, likaenda kuwanyeshea watu wa Karonga.

*

Televisheni ilitolewa mpaka mlangoni ili kila mtu aone. Chaneli zilikuwa zimejaa. Tulinagwe alizipitia kwa rimoti: habari, mpira, watu wanaopika, hata redio za dini, ambazo Mzee Yakobo alitaka zisimamishwe hapohapo aanze kuzisikiliza. Akamwonyesha Wilson mwongozo wa vipindi, orodha inayosema nini kinatoka saa ngapi. Kipindi chao kilikuwa kimeandikwa pale waziwazi: wafinyanzi wa Ziwa Nyasa. Wilson akakigusa kwa kidole kwenye kioo, kama anayehakikisha si ndoto.

"Na ukichomeka flashi hapa nyuma," Tulinagwe alisema akitoa moja mfukoni, "king'amuzi kinarekodi. Mnaweza kurudisha nyuma, kusimamisha, kuangalia hata mwakani."

"Chomeka!" alisema Wilson.

Yunis akafumba macho. Kumbe neno lile halitapita na kwisha. Litahifadhiwa.

Tulinagwe akabonyeza namba ya chaneli. Badala ya picha, likatokea kufuli kubwa katikati ya kioo, na chini yake nafasi za kuandika namba ya siri.

Mabenchi yote yakainama mbele.

"Hii ni kufuli ya watoto," alisema fundi. "Mzazi anafunga chaneli asiyotaka watoto wafungue. Lakini zote ziko wazi, imefungwa hii moja tu. Mama Emanueli, namba ya siri ni ipi?"

Prisca alikuwa anatengeneza fundo la kanga. "Namba gani? Mimi sijui namba. Labda ni ule upepo."

"Upepo umefunga kufuli?"

"Upepo wa juzi ulikuwa mkali."

Tulinagwe alijaribu namba ambazo king'amuzi hutoka nazo kiwandani. Kikakataa. "Mtu amebadilisha," alisema. Wilson, ambaye alikuwa anaona saa kumi inamjia kama basi, alikuwa ameshatoa simu. Akampigia mpwa wake Kasumulu, akaweka sauti ya nje ili fundi asikie.

"Emanueli! Namba ya siri ya king'amuzi cha mama yako ni ipi?"

"Shikamoo mjomba. Namba?" Nyuma yake malori yalikuwa yananguruma. "Si mama mwenyewe aliiweka wiki hii! Alinipigia nimwelekeze namna ya kufunga chaneli moja. Nikamuuliza, mama, unamfungia nani na unaishi peke yako? Akaniambia niache maswali. Aliweka mwaka aliozaliwa."

Vichwa vyote kwenye mabenchi viligeuka polepole. Prisca alikuwa ameinua kanga mpaka puani.

Yunis alisahau hofu yake yote. Kitu kingine kilimpanda, cha moto. Kumbe! Wifi yake hakutaka aonekane! Amefunga chaneli kwa wivu, ili Ikombe isimwone Yunis akieleza kazi! Akakaa wima kwenye benchi, akakunja mikono, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ilipoita akatamani kipindi kianze haraka.

"Fungua, fundi," alisema kwa sauti ya juu. "Mwaka wa wifi naujua mimi." Akautaja.

Kufuli likatoweka.

Ziwa likajaa kwenye kioo, ziwa lao wenyewe, limeng'aa kuliko walivyolizoea, na milima nyuma, na mitumbwi ya Lyulilo. Watu walipiga vigelegele kila walipotambua mgongo wa mtu au pua ya mtumbwi. Kisha akatokea Yunis, uso mzima, kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa anaeleza udongo, anaeleza moto, mikono ikiruka. Wilson aligeuka huku na huku kuhakikisha kila mtu anaona. Yunis mwenyewe alijiona ni mzuri. Akaanza kutabasamu. Hapo ndipo alipokumbuka.

"Sasa mama," ilisema sauti ya mwandishi, "mteja atajuaje anunue kwa nani?"

Hakukuwa na dishi la kusukuma tena.

"Vya wifi yangu ni vizuri," alisema Yunis wa kwenye kioo, akicheka meno yote nje. "Ila ukinunua chungu kwake, nunua na ndoo ya kukingia maji chini."

Mtu mmoja nyuma alisema "Aaah!" Mtoto alicheka, mama yake akamziba mdomo. Wilson alimwangalia mkewe kama mtu aliyekuta samaki anaongea. Yunis alitamani ardhi ya Ikombe ipasuke. Alisikia Prisca anajisogeza, akajilazimisha kumwangalia, tayari kwa lolote litakalokuja.

Lakini Prisca hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia kioo, macho yamemtoka, kama mtu anayeona gari linakuja na hawezi kukimbia.

Kwenye kioo alikuwa amesimama Prisca, mbele ya vyungu vyake, kule mwisho wa soko.

"Vya wifi yangu?" alisema Prisca wa kwenye kioo, akainua bega moja. "Vya kutazama. Amevipaka rangi kama bibi harusi. Lakini harusi na jiko ni vitu viwili. Ukiviweka motoni, kaa mbali, usije ukarukiwa na vigae."

Safari hii hakuna aliyesema "Aaah." Vichwa vilihama kutoka kwa Yunis kwenda kwa Prisca, vikarudi. Mwandishi aliendelea kwa sauti ya uchangamfu kwamba, kwa kuwa wafinyanzi hawa wawili hawakuelewana, wao walinunua chungu kimoja kwa kila mmoja na kurudi navyo. Wakaonyesha vyungu viwili kwenye mafiga, maharage yanachemka. Cha Prisca kilikuwa kikavu chini, hakuna tone. Cha Yunis kilikuwa kizima, hakuna ufa. "Sisi tumekula maharage," mwandishi akamalizia, "na ugomvi tumewaachia wenyewe."

Muziki ukapigwa, kipindi kikaisha.

Yunis na Prisca walikuwa wanatazamana. Prisca ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo homa ya dishi ilikuwa wewe?"

"Na upepo wa juzi ulikuwa wewe?"

Prisca alisita. "Mlipoondoka tu, nililisukuma kwa mchi," alisema. "Mara mbili. Mara ya kwanza lilirudi."

Tulinagwe alikaa chini juu ya begi lake la spana. "Jamani," alisema, "mimi nilikuwa nimeanza kusali. Huku naliweka sawa, kule linaharibika. Nikasema leo nimekutana na king'amuzi chenye pepo, kumbe mapepo yenyewe ni mawili na yamevaa kanga."

Mzee Yakobo ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chembamba cha kizee kinachopanda kama birika. Kikamshika Wilson. Kikapita kwenye mabenchi mpaka watu wakawa wanashikana mabega wasidondoke. Yunis alijaribu kukaza uso akashindwa. Alipomwona Prisca amejifunika kanga nzima kichwani na kanga yenyewe inatikisika, akaenda akamwangukia begani, wakacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko wakaombana radhi, ingawa hakuna aliyesikia vizuri nani alisema nini.

"Fundi," alisema Prisca alipopata pumzi, "hicho kitu si kimerekodi?"

"Chote."

"Rudisha pale kwenye ndoo."

Tulinagwe akarudisha. Yunis wa kwenye kioo akasema tena neno lake. "Simamisha!" aliamuru Prisca, na picha ikaganda, Yunis amefumbua mdomo, jicho moja limefumba, kilemba kimeenda upande. Uwanja ukalipuka upya. "Iache hapo," alisema Prisca. "Iache mpaka giza liingie." Yunis akampokonya rimoti, akapeleka mbele mpaka kwenye lile bega lililoinuka, akaisimamisha na yeye hapo. Walipokezana hivyo mpaka watoto wakajua maneno yote kwa moyo na kuanza kuyaigiza kando ya maji, mmoja akiwa Yunis, mwingine Prisca, wa tatu akichemka kama maharage.

Tulinagwe alilishwa wali na samaki, akamfundisha Prisca kuweka chaneli anazozipenda mwanzoni ili asihangaike, akamwekea Mzee Yakobo redio yake ya nyimbo. Alipoaga, kila wifi alimletea chungu, na kila mmoja alisisitiza chake ndicho kikae mbele. Fundi alikataa kuamua. Alipanda mtumbwi amevipakata vyote viwili, kimoja kila paja, akirudi Matema na jua usoni.

Usiku huo Wilson alikuwa amejilaza ubavu, bado anajichekea peke yake. Akanyamaza. "Lakini Mama Lusungu, niambie kweli. Vyungu vya dada vinavuja?"

Yunis akavuta shuka. "Havijawahi kuvuja," alisema. "Hata kimoja. Na midomo ya vyungu vyake anaikunja vizuri kuliko mimi. Nimejaribu miaka yote hii nashindwa. Lakini ole wako umwambie."

"Mimi? Simwambii mtu."

Asubuhi, kabla Yunis hajamaliza kufagia uani, Prisca alitokea na jembe la kuchimbia udongo begani na kikapu mkononi. Alikuwa amebana midomo kwa nguvu, kama mtu aliyeficha kitu kitamu chini ya ulimi. Wilson alimwona tu dada yake, akakumbuka ghafla kwamba nyavu zake zinahitaji kuangaliwa, akaondoka kuelekea majini bila kunywa chai.

"Twende machimboni, wifi," alisema Prisca. "Tukirudi, ukitaka, nikuonyeshe tena namna ya kukunja mdomo."

Yunis alimfuata mumewe kwa macho mpaka alipotoweka nyuma ya mitumbwi. Kisha akaweka fagio chini, akachukua kikapu chake, wakaondoka.